Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu mambo ya sanaa hapa chuoni (soma kwanza ndo unitumie meseji)

Kila mwanzo wa muhula simu yangu inageuka dawati la mapokezi. Maswali ni yaleyale, ya mwaka wa kwanza, ya wazazi, hata ya lekchara mmoja ambae kila mwaka anauliza kama kiti cha mbele kipo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka yote hapa.

Kwa asietujua: chuo chetu ni kidogo, kipo kando ya ziwa nje kidogo ya Mwanza mjini, darasa kubwa kuliko yote ndo hilohilo ukumbi, na ukumbi ukijaa tunahamia chini ya mwembe. Upande wa chini kuna mwalo (ufukwe wanapoegesha mitumbwi wavuvi), upande wa juu kuna kigango (kanisa dogo la Wakatoliki) na nyumba za watu. Mi ni katibu wa kamati ya sanaa, cheo kisicho na posho.

Mbona hamna ratiba inayoeleweka? Kila mwezi usiku wa ngoma una tarehe yake

Ratiba ipo, ila inafuata mwezi wa angani, sio kalenda ya ukutani. Nusu ya majirani zetu wanaishi kwa dagaa, na dagaa wa ziwa hili anavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji (zamani karabai, siku hizi wengi taa za betri na sola) dagaa anaifuata taa anazolewa na wavu. Mbalamwezi ikiwaka taa inakuwa haina kazi, ziwa lote linang'aa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanapumzika, wanatafuta pa kwenda jioni. Hapo ndo sisi tunaingia.

Mwaka wangu wa kwanza kamati ilikuwa na wajuaji wa kutoka mjini, wakapanga usiku wa ngoma Ijumaa ya giza totoro kisa tu Ijumaa ni Ijumaa. Wapigaji wetu wawili wa ngoma kubwa ni wavuvi, saa mbili usiku wapo katikati ya ziwa huko tunaona taa zao tu zimejipanga kama mji mwingine, na sisi tumesimama ukumbini na ngoma hazina mwenyewe. Kuna kijana akapiga ndoo. Tulicheka lakini iliuma. Toka siku hiyo kwanza tunauliza mwaloni, halafu ndo tunabandika tangazo.

Mambo mengine mawili yanaisogeza ratiba: boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) na UE (mitihani ya mwisho wa muhula). Kabla boom haijaingia usipange kitu cha kiingilio, utakaa mlangoni peke yako, na wiki mbili za UE hakuna kitu chochote, hata kwaya inanyamaza.

Na mvua je?

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli inaanza Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, miezi hiyo ya mvua mambo yote ni ya ndani. Ya nje tunayaweka kuanzia Juni. Mvua ni tatizo la ngoma zaidi ya watu, ngozi ikila unyevu inalegea inatoa sauti kama unapiga godoro, inabidi uwashe moto wa majani uipashe mpaka ikaze tena. Ukiona watu wamezunguka moto nyuma ya ukumbi saa kumi na mbili jioni sio kwamba wanachoma mahindi, usiende na chumvi yako.

Kiingilio bei gani?

Ngoma, mashairi na igizo: bure. Usiku wa filamu 500 kwa ajili ya mafuta ya jenereta, maana umeme ukikatika katikati ya sinema watu wanadai kama wamenunua shamba. Watoto wa mwaloni hawalipi, wanakaa mbele kwenye mkeka, na tafadhali usiwafukuze, wamekuwepo hapa kabla yako na watakuwepo ukishahitimu.

Mi sio Msukuma, nimetoka Mtwara / Tanga / Kigoma, nitaelewa kitu?

Utaelewa. Nusu yetu sio Wasukuma. Ila nikupe mwanga kidogo usije ukakaa na kuuliza jirani yako kila dakika "sasa hapa wanafanya nini".

Utakayoiona zaidi ni bugobogobo, ile ya majembe. Asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja, watu wanaingia shamba la mtu mmoja wanalima kwa mdundo, na anaeongoza nyimbo anajua kabisa kwamba mdundo ukishuka na majembe yanashuka. Kwa hiyo jembe pale mkononi sio pambo. Linarushwa juu, linazungushwa, linadakwa, mchezaji anatabasamu kama halina uzito na wewe uliekaa mstari wa kwanza unarudisha miguu ndani. Njuga miguuni zinafanya nusu ya muziki. Mazoezini tunaanza na mpini mtupu bila jembe, na kuna mtu mwaka wa pili bado yupo kwenye mpini, hatumtaji.

Halafu kuna wigashe, hii mimi ndo naipenda kuliko zote na sijui kwa nini haina kelele mtandaoni. Jina lenyewe linahusu kukaa. Waimbaji wanakaa wamejipanga, wanacheza kwa mabega, shingo na mikono tu, na uzito wote upo kwenye maneno. Usitegemee vumbi. Inabidi usikilize, na kama Kisukuma hukijui kaa karibu na mama mmoja wa makamo atakutafsiria bila kuombwa, tena atakuongezea na umbea wa nani anaimbwa.

Anaetunga na kuongoza nyimbo Wasukuma wanamuita ningi, Kiswahili tungesema manju. Huyo ndo mtu wa kumheshimu. Ukimkuta asubuhi msalimie mwangaluka, mchana mwadila, akikufundisha kitu sema wabeja. Maneno matatu hayo yatakufikisha mbali kuliko degree.

Na sio Kisukuma tu, wapo Wahaya na Wakerewe na enanga yao, wapo Wakurya na litungu, vyote vyombo vya nyuzi. Kijana wetu mmoja wa kutoka Mara akianza kulipiga litungu lake bwenini hata wanaokesha na notisi wanafungua madirisha.

Bagika na Bagalu ni nini? Nimesikia watu wanabishana kantini nikadhani ni Simba na Yanga

Hujakosea sana. Hivi ni vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Usukumani, vimetokana na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wote wachezaji na wote waganga. Wakabishana nani zaidi, kwa ngoma na kwa dawa, na ubishi haujaisha mpaka leo ninavyoandika. Wafuasi wa Ngika ndo Bagika, wa Gumha ndo Bagalu, na vikundi vingi vya ngoma vya Kisukuma vipo upande mmoja au mwingine.

Mashindano yao yana sheria moja tamu sana: hamna majaji wenye karatasi. Vikundi viwili vinacheza muda uleule, uwanja uleule, kila kimoja upande wake, na watazamaji wapo huru kuhama. Mwenye umati mkubwa ndo kashinda. Basi fikiria presha yake, upo katikati ya wimbo unaona migongo ya watu inakugeukia inakwenda kwa mwenzio, lazima utoe kitu, utanie, urushe jembe juu zaidi, umtaje mpinzani kwa jina. Ndo maana pia kuna stori za dawa za kuvuta watu, zipo toka enzi za hao wazee wawili, na ukiuliza kama bado zinatumika kila mtu anakwambia upande wa pili ndo wanatumia.

Hapa chuoni tunaiga kidogo. Mwembe tunaugawa, mabweni ya juu kushoto, ya chini kulia, na dini na kabila hazihusiki, ukipangiwa chumba umepangiwa na chama. Mwaka jana bweni la chini walishinda kwa kuleta mchekeshaji katikati ya ngoma na mpaka leo kuna watu wanasema ile ilikuwa rafu. Mi msimamo wangu: haikuwa rafu, umati ulihama kwa miguu yake.

Safari ya Bujora ni lini na inakuwaje?

Juni, wakati wa Bulabo. Hii ndo sherehe kubwa ya ngoma za Kisukuma, inafanyika pale Bujora, Kisesa, na imefungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu kwa Wakatoliki, kwa hiyo tarehe inasogea kila mwaka kufuatana na Pasaka. Usinitumie meseji Januari kuniuliza tarehe, angalia kalenda ya kanisa utaiona.

Usafiri: kama hatujapata basi la chuo (na mara nyingi hatupati, au tunapata halina mafuta) tunapanda daladala za Kisesa, barabara ileile ya kwenda Musoma, tunashuka tunapandisha kwa miguu, mvivu anachukua bodaboda. Toka mjini ni kama kilomita 20. Ondoka mapema maana wakati wa Bulabo daladala zinajaa mpaka konda anakosa pa kuning'inia.

Ukifika usikimbilie uwanjani tu. Pita makumbusho ya Wasukuma. Aliyeanzisha ni padre mmoja wa Quebec, Kanada, David Clement, Wasukuma wakampa na jina la Fumbuka. Alianza kukusanya vitu miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Kuna ngoma za watemi (watawala wa jadi), kuna vifaa vya vyama vya ngoma, kuna mji wa Kisukuma ulivyokuwa, na kanisa lenyewe limejengwa kwa alama za kitemi, altare ina umbo la kiti cha mtemi. Mi mtu wa kanisa lingine kabisa na nilikaa humo ndani nusu saa naangalia tu dari.

Beba maji, kofia, na hela ndogondogo za kutunza. Kuhusu kutunza nitarudi chini.

Nitaona chatu?

Chuoni hapana, na naomba jamani asiwepo mtu wa kuleta nyoka bwenini tena hata kama ni wa plastiki. Wanaocheza na chatu ni Bayeye, chama cha watu wanaojua nyoka, kuwashika na kutibu waliogongwa, na ujuzi wao unafundishwa ndani ya chama. Bujora kwenye Bulabo una nafasi nzuri ya kuwaona. Kama una roho nyepesi simama nyuma.

Kwaya je? Lazima niwe mlokole?

Sio lazima, ila ufike mazoezini. Tuna kwaya ya Wakatoliki, ya wapentekoste na kikundi cha kaswida cha Waislamu, na siku ya mahafali wote wanapanda jukwaa moja kwa zamu. Mwanza ni mji wa kwaya, ukikua hapa unajua AIC Makongoro kabla hujajua mtaa wa pili, kwa hiyo masikio ya watu hapa yameshazoea sauti nne zilizokaa sawa, ukiteleza kwenye besi hata muuza vocha anajua.

Jukwaa la mashairi linaendaje? Naweza kusoma cha Kiingereza? Cha Kisukuma?

Chochote. Dakika tano, jina kwenye karatasi mlangoni, hakuna kupanga foleni kwa kujuana. Tuna mtu anaandika vina na mizani kamili mishororo minne kama wazee wa zamani, tuna wa ngonjera, tuna wanaochana mistari ya rap, na tuna wale ambao shairi lote ni kuhusu mtu aliekaa mstari wa tatu na kila mtu anajua ni nani. Ombi moja tu, usisome kwenye simu yenye kioo kilichopasuka halafu ukasimama katikati unatafuta mstari. Andika kwenye karatasi, au bora kariri.

Kisukuma, Kijita, Kikerewe vinapokelewa vizuri sana na watu wa mwaloni. Usiku mmoja mzee mvuvi alipanda bila kujiandikisha, akatoa utani wa Kikerewe kuhusu samaki na mkwe, robo ya ukumbi ikavunjika mbavu na sisi wengine tukacheka kwa kuwaona wao wanavyocheka.

Kundi la kusoma bado lipo?

Lipo, tumebaki wachache ila wabishi. Jumatano jioni, kantini ikishafungwa. Tulianza kwa kumsoma Aniceti Kitereza kwa sababu ni mtu wa hapa jirani, Ukerewe, na kwa sababu hadithi ya kitabu chake ni riwaya nyingine. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna aliekuwa tayari kuchapa riwaya ndefu kwa lugha ya kisiwa kimoja, mzee akakaa nacho miaka na miaka, mwisho akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa 1980, na yeye akafariki 1981. Kila mtu kwenye kundi anaelalamika kwamba assignment yake imecheleweshwa kusahihishwa anaambiwa 1945. Imekuwa salamu yetu.

Kopi tunayo moja tu, inazunguka kwa zamu, usiikunje kurasa. Tunataka kwenda Nansio, huko huko Ukerewe, kwa meli likizo ijayo, anaetaka aniambie, na anaetapika ziwani aniambie pia mapema.

Nachora. Kuna nafasi?

Ukuta wa kantini upande wa ziwa ni wa wachoraji, unapakwa upya kila mwaka Julai. Unakuja na mchoro kwenye karatasi, kamati inaangalia, unapewa mita zako. Rangi chuo kinatoa nyeupe na bluu, nyingine utajitegemea, ndo maana picha zetu zote zina ziwa na mawingu. Mawe yale ya Mwanza yaliyopandana tumeshachora mpaka basi, tafadhali leta kitu kingine, nasema kwa upendo. Mwaka jana dada mmoja alichora wanawake wanaoanika dagaa kwenye chanja, akawaweka na nyuso za kweli za mama zetu wa mwaloni, basi wale mama walikuja mmoja mmoja kujitafuta ukutani, na mmoja ambae hakuwemo alinuna wiki nzima mpaka akaongezwa.

Mbona hamleti msanii mkubwa kutoka Dar?

Swali hili ndo linanitoa jasho. Hela ya msanii mmoja wa jina, na usafiri wake, na hoteli, na watu wake sita, ni bajeti yetu ya miaka mingi, halafu ataimba juu ya sidii dakika ishirini aondoke. Tuliwahi kukodi tu mitambo mikubwa mjini, jamaa akaja na spika za kutikisa madirisha, saa tatu usiku akadai hela iliyobaki palepale, hatukuwa nayo yote, akachomoa nyaya katikati ya wimbo. Watu mia na kitu gizani. Bugobogobo ikaendelea bila maiki na kusema kweli ilisikika vizuri zaidi. Toka hapo tunatumia spika mbili za kanisa na koo zetu.

Anaetaka tamasha la kiingilio kikubwa uwanja wa Kirumba mjini upo, daladala zipo, nenda ufurahi.

Tukitaka kuandaa kitu wenyewe tunahitaji kibali?

Ndani ya chuo, cha bure: barua kwa mlezi wa wanafunzi wiki mbili kabla, na iwe imeandikwa muda wa kumaliza. Ukitoka nje ya geti au ukiweka kiingilio unapita serikali ya mtaa na afisa utamaduni, na mambo ya wasanii kitaifa yapo chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo lipo kisheria toka 1984. Ukipiga nyimbo za watu kwenye shughuli ya biashara kuna na COSOTA, watu wa hakimiliki. Usiogope, uliza mapema. Wanaokwama ni wale wanaouliza siku yenyewe saa kumi.

Naruhusiwa kurekodi na kuposti?

Omba kwanza, hasa kwa wazee na watoto. Na kama umerekodi ningi anaimba dakika kumi, mtunze. Kutunza ni kwenda pale mbele, kwa heshima, unamuwekea noti mkononi au unambandika, unacheza kidogo, unarudi. Hata 500 sio aibu. Aibu ni kupata laiki elfu mbili kwa sauti ya mzee ambae umempita bila hata soda. Huwa nawaangalia.

Wale wadudu!!

Ndio, ni wadudu wa ziwani, wanakuja kama moshi kutoka majini, hawaumi, ila wanaipenda taa kuliko sisi tunavyoipenda sanaa. Tunaweka taa kali mbali na jukwaa ili waende huko na jukwaani tunabaki na taa hafifu. Ukiimba solo siku hiyo usifungue mdomo sana.

Chakula kipo?

Mama wawili wa mwaloni wanauza samaki wa kukaanga, mihogo, karanga na uji, na msimu ukifika michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa), ambayo watu wa pwani wanaiogopa mara ya kwanza na mara ya tatu wanaulizia. Hakuna mkopo, wameshaumizwa na waliohitimu.

Nataka kujiunga na kamati. Nafanyaje?

Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi ukumbini, hatuna usaili. Kazi ya kwanza ya kila mwanachama mpya ni viti. Viti vyetu vingi tunaazima kigangoni, mia na ishirini vya plastiki, vya bluu, na vinatakiwa viwe vimerudi juu kule na kufutwa vumbi kabla ya misa ya kwanza Jumapili saa moja. Mzee wa kigango anavihesabu mwenyewe, kwa sauti, na mwezi uliopita alifika mia na kumi na tisa akaanza upya. Kile kimoja kilikuwa mwaloni, mtu anakalia akishona wavu. Tumekiacha kwanza mpaka amalize, nimemwambia mzee kinarudi Alhamisi.